Pangaboi na Bibi Aliyekataa Kulala

Ukitaka kumuudhi baba mdogo, usihangaike kumtukana. Matusi ameyazoea, amekaa nayo mtoni tangu ujana. Wewe nenda tu pale kwenye kibanda chake, simama mlangoni kwa adabu, sema, "Shikamoo baba mdogo, naomba ufungue daraja." Basi. Atakuangalia kama umemkanyaga kidonda.

"Kufungua ndiyo nini?" atakuuliza. "Nimfungulie nani? Treni au tishari? Hapa hatufungui wala hatufungi. Hapa Bibi analala, Bibi anaamka. Nenda kajifunze kuongea, ndiyo urudi."

Na ana haki, hebu fikiria mwenyewe. Ni daraja la reli, liko katikati ya mto, halafu linageuka. Likikaa sawa na reli, treni inapita juu yake na vyombo vya majini vinazibiwa njia. Likigeuka likalala na mto, vyombo vinapita kushoto na kulia, na treni ndiyo inabaki ukingoni inatoa macho. Sasa ukisema "daraja liko wazi", wazi kwa nani? Mtu wa treni akisikia wazi anakuja mbio. Mtu wa tishari akisikia wazi, naye huyo anakuja. Wote wamesikia neno moja, kila mmoja amelibeba kwake.

Mchezo huu wa maneno ulianza kabla hata baba mdogo hajazaliwa. Mto ulikuwa wa watu wa vyombo. Mchanga, matofali, magogo, kila kitu kilishuka na tishari mpaka mjini. Halafu kule juu kikajengwa kiwanda cha sukari, na sukari ikawa inatakiwa kufika bandarini kabla sisimizi hawajaimaliza. Reli ikaja. Watu wa reli wakaleta michoro yao, wakataka kulaza daraja moja la chini chini juu ya maji.

"Na sisi tutapita wapi?" watu wa vyombo wakauliza.

"Inamisheni vichwa."

Ugomvi huo ulikula muda wa watu wazima wengi. Mwishowe fundi mmoja akaja na wazo la daraja la kuzunguka: nguzo moja nene katikati ya mto, na daraja limekaa juu yake kama sinia juu ya kidole. Kila mtu atapita, ila kila mtu atasubiri. Hakuna aliyefurahi, kwa hiyo wakaona hiyo ndiyo haki.

Siku ya uzinduzi akaletwa mgeni rasmi, mtu mzito, wa kofia na tumbo. Kulikuwa na bendi. Kulikuwa na treni iliyopambwa maua, imejaa waalikwa, inakuja taratibu ipite juu ya daraja kwa mara ya kwanza huku watu wanapiga makofi. Mgeni rasmi akashika kipaza sauti, akavuta pumzi, akasema, "Nina furaha kubwa kuwatangazia kwamba daraja hili, leo, nalifungua!"

Kule juu ya nguzo, mgeuza daraja wa kwanza alikuwa amesimama tayari na mtaimbo wake wa kuzungushia daraja. Alikuwa ameambiwa asikilize amri. Amri ndiyo hiyo, tena kwa kipaza sauti. Akafungua. Akasukuma kwa nguvu zake zote, daraja likazunguka, na treni ya waalikwa ikawa inakuja kwenye hewa tupu.

Dereva alikuwa macho, la sivyo leo tungekuwa tunasimulia kwa sauti nyingine. Alibana breki mpaka injini ikasimama imetoa pua juu ya maji. Mtu hakuumia. Zilikwenda kofia tu, na tarumbeta moja.

Wakamshika yule mgeuza daraja. "Nani kakwambia ufungue?"

"Mgeni rasmi."

"Alikuwa anazindua!"

"Alisema anafungua. Mimi ningejuaje anafungua kwa mdomo?"

Wakamgeuza huku na huku, kosa hawakuliona. Basi ikabidi neno lenyewe ndilo lifukuzwe kazi. Ukutani mwa kibanda likaandikwa tangazo kwa rangi, USISEME FUNGUA, USISEME FUNGA. Na yule yule bwana, ambaye nyumbani kwake alikuwa na bibi mmoja mkali asiyetaka kuguswa akiwa usingizini, akatunga lugha yake mwenyewe. Daraja likikaa kwenye reli, Bibi amelala. Likigeuka, Bibi ameamka. Reli yote ikafuata, kuanzia kiwandani mpaka bandarini. "Bibi amelala?" "Amelala." Treni inaondoka. "Bibi ameamka." Treni inakaa. Mgeni akizisikia zile simu anadhani shirika zima linauguza mgonjwa mmoja.

Huyo Bibi ndiye aliyemtuliza baba mdogo. Kabla yake alikuwa mtu wa kujaribu jaribu. Alijaribu ufundi wa baiskeli. Kutengeneza alijua, tatizo akishatengeneza anaijaribu mbali mno, mwenye baiskeli anakaa kibarazani mpaka anapitiwa na usingizi. Alijaribu kupaka rangi nyumba, akaanguka kwenye ngazi kwa sababu ya kuchungulia barabarani nani anapita. Baba yangu, ambaye ndiye kaka yake, akachoka. Alikuwa na rafiki yake reli, akamwambia, "Mdogo wangu, nimekupatia kazi ya mtu asiyeweza kutulia. Huko ni kutembea tu."

Baba mdogo akafunga sanduku, akajua anakwenda kusafiri na treni. Kufika akaonyeshwa mtaimbo mrefu kuliko yeye, tundu la kuuchomeka, na duara sakafuni lililochimbika kwa nyayo za waliomtangulia.

"Sukuma huku unazunguka," akaambiwa.

Akasukuma, akazunguka, chini yake meno ya chuma yakasaga, daraja zima likageuka kama mtu mnene anayebadili ubavu. Akajikuta amerudi pale pale alipoanzia.

"Safari imeisha?"

"Imeisha. Subiri nyingine."

Watu wa vyombo hawakuchukua muda kumpa jina. Wakamwita Pangaboi, kama lile feni la darini, kwa sababu kutwa anazunguka na haendi popote. Aliyelipenda zaidi jina hilo ni mzee mmoja mwenye tishari jekundu la kubeba mchanga, mtu mfupi, kifua kama pipa, ambaye honi ya chombo chake ilikuwa pambo tu maana sauti yake ilitosha. Wao walimwita Nahodha, kama vile mtoni hakuna nahodha mwingine. Akifika darajani akakuta Bibi amelala, shughuli inaanza.

"Wewe Pangaboi!"

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, mpumbavu mkubwa! Mwamshe huyo!"

"Subiri mzee, treni inakuja!"

"Treni inakuja tangu nikiwa na meno yote! Mchanga wangu utaota majani hapa!"

"Umwagilie, uvune!"

"Pangaboi la watu linaleta upepo, wewe unaleta nini?"

Hivyo ndivyo walivyosalimiana, asubuhi akishuka na mzigo, jioni akipanda mtupu. Hakuna aliyemwona mwenzake kwa karibu. Mmoja yuko juu ya nguzo, mwingine yuko chini kwenye maji, katikati zinapita sauti tu.

Sauti nyingine ilikuwa ya simu. Stesheni ya kwanza upande wa kiwandani ilipata karani mpya wa tiketi, mwanamke, na yeye ndiye aliyekuwa akiuliza hali ya daraja kabla treni haijaondoka. "Bibi amelala?" anauliza, na lile "amelala" analishusha taratibu kana kwamba kweli anaogopa kumwamsha mtu. Baba mdogo akaanza kuongeza maneno kwenye majibu. Kwanza, "Amelala vizuri." Kesho yake, "Amelala, na anakusalimia." Karani naye, "Mwambie nimezipokea, na aache kukoroma, nasikia mpaka huku." Sasa simu ile ilikuwa ya waya mmoja kwa stesheni zote, ukiinyanyua popote unasikia ya wote. Watu walikuwa wanakula chakula cha mchana wamebana simu begani.

Siku moja baba mdogo alinyamaza kidogo kupita kiasi, na sauti nzito ikaingilia kutoka bandarini. "Kijana, mwambie basi, sisi tuna kazi nyingine!"

"Nani huyo?" karani akashtuka.

"Hakuna mtu," stesheni masta wa bandarini akajibu.

Baba mdogo akaomba mapumziko, akapanda treni kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe na reli, akaenda kumwona. Akamkuta nyuma ya dirisha la tiketi.

"Kumbe ndiyo wewe," karani akasema. "Nilidhani una ndevu."

"Mimi nilidhani wewe mrefu."

"Basi tumetoka sare."

Wakacheka, wakaongea, abiria wakapanga foleni mpaka nje. Baba mdogo hakuzunguka sana safari hiyo, akamwambia anataka kumwoa. Karani akamaliza kwanza kumkatia mtu tiketi.

"Mimi nimekubali," akasema. "Lakini mimi si wa kutoroshwa. Nenda kwa baba ukaniombe, na uwahi. Nimepata uhamisho, mwezi ukiisha naenda reli ile nyingine ya milimani. Huko simu yetu haifiki. Tukiwa tumeoana watanibakisha, tusipooana ndiyo kwaheri."

"Baba yako ni nani?"

"Utamjua tu. Ana tishari jekundu."

Baba mdogo akakaa kwenye kitu cha karibu, ambacho kilikuwa mizani ya mizigo. Mshale ukaruka.

Alikwenda Jumapili, kaka yake mbele kama msemaji, yeye nyuma amevaa koti la kuazima. Sebule ya Nahodha ilikuwa safi, makochi yamevikwa vitambaa, na ukutani picha ya tishari ni kubwa kuliko picha ya harusi. Mama mwenye nyumba akaleta chai. Baba yangu akazungumza maneno mazuri kuhusu ukoo, tabia, uchapakazi, hakugusa kabisa habari ya mto. Nahodha alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Halafu akamgeukia bwana harusi mwenyewe.

"Na wewe kijana, mbona kimya? Huna mdomo?"

"Ninao, mzee," baba mdogo akanong'ona.

Nahodha akaweka kikombe chini. "Sauti hii naijua."

"Sauti ya kawaida tu hiyo," baba akawahi.

"Hapana. Hebu mwambie aseme 'subiri'."

Baba mdogo akamwangalia kaka yake, akaona hakuna msaada.

"Subiri," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Nahodha akaruka kutoka kwenye kochi, kitambaa kikamfuata. "Pangaboi!"

Mama mwenye nyumba aliangua kicheko mpaka akaenda kumalizia jikoni. Nahodha yeye alikuwa anazunguka meza. "Nusu ya maisha yangu nimeiacha mlangoni kwa mtu huyu, leo anakuja kugonga wa kwangu! Tena anataka mwanangu! Sawa. Nasikilizeni. Siku nitakayopita pale darajani bila kusubiri, siku hiyo hiyo mwanangu namtoa. Nikisubiri, na wewe subiri."

Mke wake akachungulia kutoka jikoni, anafuta machozi kwa kanga. "Umesema?"

"Nimesema."

"Haya. Na mimi nimesikia."

Kwa haraka haraka unaweza kuona ni kazi nyepesi. Baba mdogo naye alidhani hivyo. Akija, mwamshie Bibi mapema, basi. Lakini sheria ya reli ilikuwa Bibi alale muda wote, aamshwe chombo kikishapiga honi, na kama treni iko njiani, honi ipigwe mpaka ichoke. Halafu kuna jambo ambalo hakulitarajia: Nahodha alianza kupenda kusubiri. Mtu aliyekuwa anatokwa povu kwa kucheleweshwa, sasa akawa anajificha nyuma ya kona ya mto, amezima injini, anasikilizia filimbi ya treni. Ikilia ndiyo anatokeza. Anasimamisha tishari chini ya daraja, anakunja miguu, anakunywa chai.

"Wewe Pangaboi! Tunasubiri huku!"

"Nimekuona, mzee," baba mdogo anajibu, hana hata nguvu ya kutukana.

Akamwomba karani. "Si ucheleweshe treni kidogo tu? Mara moja."

"Watu wana safari zao," karani akasema. "Ndoa yangu haitaanza kwa kumkosesha mtu mazishi au mtihani. Tafuta njia nyingine."

Stesheni masta wa bandarini akasikika akiguna, lakini naye akakubali mwanamke ana haki. Siku zikawa zinakwenda, uhamisho hauna habari, unakuja tu.

Halafu ikaja ile siku ya joto. Lilikuwa jua la kuadhibu, la kuku kutembea kwa ncha za vidole. Bibi aliamka kupisha boti la matofali, akaamka vizuri. Kumlaza ndiyo ikawa kasheshe. Chuma kikipata moto kinavimba. Baba mdogo alisukuma, akazunguka, ncha ya daraja ikafika ukingoni, ikagusa, ikakataa kuingia. Daraja limerefuka kuliko nafasi yake. Akalirudisha, akalileta tena kwa kasi, likagonga, likakataa. Hapo utaratibu ni mmoja: Bibi asipolala vizuri, aamke kabisa, asikae nusu nusu akawazibia wote. Akamwamsha. Akafunga ndoo kwenye kamba, akaanza kuchota maji mtoni na kummwagia. Ilikuwa kama kumwogesha tembo kwa kijiko.

Simu ikalia. "Bibi amelala?"

"Hajalala. Amevimba."

"Amevimba wapi?" sauti ya bandarini ikauliza.

"Kote!"

"Mungu wangu," karani akasema. "Nilikuwa nahakikisha tu; treni ya abiria uliyoniruhusu asubuhi imeshatoka hapa. Mama yangu yumo."

Baba mdogo akapandisha bendera nyekundu. Treni ikafika ukingoni, dereva akaiona, akasimama mbali na maji, akapiga filimbi ndefu ya kulalamika. Abiria wakashuka kuja kuangalia, wengine na vyakula vyao mkononi, na mbele yao mama mmoja mwenye kanga, amevua viatu kwa sababu miguu imevimba kama daraja.

Sasa filimbi ile, nyuma ya kona, Nahodha aliisikia. Akatabasamu. "Haya," akamwambia baharia wake, "washa, twende tukasubiri."

Tishari jekundu likatokeza, limeshiba mchanga, linashuka na mkondo. Nahodha alikuwa ameshakunja miguu. Akainua macho. Bibi ameamka. Njia nyeupe mbele yake, pana, haina kizuizi chochote, imemkodolea macho.

"Rudi nyuma!" akapiga kelele. "Rudi! Rudi!"

Tishari lenye mchanga halirudi nyuma kwa kuambiwa. Injini ilikohoa, baharia akarusha kamba kwenye nguzo ya pembeni, akainasa, akaikaza kwa mwili mzima. Chombo kikasimama pua imegusa mlango wenyewe wa kupitia. Nahodha akakamata honi akaipiga kama anafukuza ndege shambani.

"Shikamoo mzee!" baba mdogo akaita kutoka juu, ndoo mkononi.

"Marahaba! Mlaze huyo Bibi!"

"Hawezi kulala, mzee! Wewe pita!"

"Sipiti!"

"Kwa nini?"

"Nasubiri!"

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri tu! Mto wa baba yako?"

Ukingoni abiria wakaanza kuulizana huyu mzee ana nini. Yule mama akawaeleza kwa ufupi, na ufupi wake ulifika mpaka behewa la mwisho. Watu wakasogea karibu. Wakaanza, "Pita! Pita! Pita!" Hata dereva akawa anaitikia kwa filimbi.

"Baba watoto!" mama akaita. "Unatuaibisha! Pita tukalale!"

"Wewe unatoka wapi?"

"Natoka kwa dada, na nimechoka!"

Baba mdogo alikuwa ameacha kusikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye tishari, kwenye ile pampu kubwa ya kunyonyea maji, na mpira wake ulioviringishwa kama chatu. Akaangalia ndoo yake. Akaangalia abiria, watoto wameanza kulia kwa jua.

"Mzee!" akasema. "Habari ya kupita achana nayo. Sogeza hiyo pampu tu, tumpoze Bibi, watu waende. Tuhesabu hukupita. Nitaendelea kusubiri."

Nahodha akashusha mkono kwenye honi. Hilo hakulitegemea. "Kusogea hapo ni lazima niingie mlangoni," akasema, sauti imepungua. "Kuingia ni kupita."

"Mimi sitasema umepita."

"Na huyu?" Akamnyooshea kidole mke wake.

Mama akakunja mikono kifuani. "Mimi nitasema."

Ukingo mzima ukalipuka kwa kicheko. Baharia naye akacheka, na kicheko kikimshika mtu vizuri mikono inalegea. Kamba ikamponyoka. Tishari halikuwa na haraka. Liliteleza pole pole, na mkondo, na mchanga wake, na Nahodha juu yake bado amenyoosha kidole kwa mke wake, kidole kinageuka kadiri chombo kinavyokwenda, likapita pembeni ya Bibi kwa heshima zote, likatokea upande wa pili.

Ukingoni wakapiga makofi.

"Sikupita!" Nahodha akapiga kelele. "Jamani, sikupita! Nimepitishwa!"

"Kupita ni kupita!" mke wake akajibu. "Mimi nilipokuzalia watoto hukuniuliza kama nimezaa au nimezalishwa!"

Basi mzee alimtukana baharia kidogo, kwa desturi tu, akageuza chombo, akakifunga kwenye nguzo ya katikati chini ya kibanda. Akawasha pampu. Mpira ukainua kichwa, ukatapika maji ya mto kwa nguvu, na kabla ya kulilenga daraja alimlenga kwanza Pangaboi, akamlowesha kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akapumua, ndiyo akaanza kazi. Chuma kilitoa mvuke. Watoto ukingoni wakaomba na wao, wakapewa.

Bibi alipopoa, baba mdogo akachomeka mtaimbo. Akasukuma, haukwenda. Ngazi ya chuma ikasikika ikilia, na Nahodha akatokeza juu anahema, akaweka kifua chake cha pipa kwenye mtaimbo upande wa pili. Wakasukuma. Wakazunguka.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe hii?" Nahodha akauliza baada ya muda.

"Ndiyo, mzee."

"Na kila nikipiga honi unazunguka hivi?"

"Nazunguka, na wewe huku unanitukana."

Wakazunguka duara jingine.

"Nitapunguza," Nahodha akasema.

Ncha ya daraja ikafika ukingoni, ikasita, ikateleza ndani ya nafasi yake kwa mlio mmoja mtamu. Baba mdogo akateremsha bendera. Treni ikapita kando yao, kibanda kikatetemeka, abiria wakapunga mikono madirishani, na mama akapita ametoa kichwa chote nje, anacheka, viatu mkononi.

Kelele zilipoisha simu ikaanza kulia. Baba mdogo akanyoosha mkono, lakini Nahodha alikuwa ameketi kwenye kiti cha pekee kilichokuwapo, karibu zaidi. Akainyanyua.

"Bibi amelala?" sauti ikauliza.

"Amelala. Mama yako amepita sasa hivi."

"Baba? Unafanya nini huko?"

"Nauliza mimi. Huyu mtu wako, anakoroma?"

Kuanzia kiwandani mpaka bandarini hakuna aliyetafuna.

"Nitajuaje mimi, baba?"

Nahodha akafikiri. Jibu lilimpendeza, ila hakutaka lionekane usoni.

"Basi utajua," akasema, akarudisha simu mahali pake.

Baba mdogo alikuwa nyuma yake, anakamua shati sakafuni. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ameshapewa mke.